Uzi: Testi inapita kwenye laptopu, inafeli kwenye seva. Tuongelee mazingira kabla ya kumlaumu aliyeandika kodi

mzee_wa_seva (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna lalamiko halikauki humu kuhusu testi, yaani programu ndogo zinazokagua kodi (maandishi ya programu) tuliyoandika: "Testi zangu zinapita kwangu, nikisukuma kodi zinafeli, nikibonyeza kurudia zinapita." Na jibu huwa lilelile: "Rudia tu mkuu, hiyo ni mtandao." Leo nabishana na jibu hilo. Timu ikishazoea kubonyeza kurudia, siku testi inafeli kwa haki kwa sababu mtu kavuruga hesabu ya VAT, nayo itarudiwa, ikikataa itaruka kimyakimya, na mteja ndiye atakayegundua. Testi usiyoiamini inakula umeme na muda halafu hailindi chochote.

Msidhani ni ugonjwa wa timu changa. Google walitoa takwimu zao mwaka 2016: takriban 1.5% ya matokeo yote ya testi zao yalikuwa ya kigeugeu (mara yanapita, mara yanafeli, kodi ni ileile), na karibu 16% ya testi zenyewe zilikuwa na ukigeugeu wa kiwango fulani. Tena wakaona kwamba testi ikigeuka kutoka kijani (imepita) kwenda nyekundu (imefeli), mara 84 katika 100 kulikuwa na testi kigeugeu ndani yake. Yaani nyekundu nyingi walizokuwa wanaamshiwa hazikuwa kodi mbovu.

Msimamo wangu ni huu: nyekundu iwe na maana moja tu, kwamba kodi imeharibika. Ili ufike hapo, kila kitu kinachoweza kubadilika bila wewe kugusa kodi lazima ukishike mwenyewe. Natumia mfano wa Laravel (fremuweki ya PHP) na databesi ya MySQL kwa sababu ndicho chakula cha wengi wetu. Wa fremuweki nyingine kama Django na Spring mtajitafsiria.

Tuanze na databesi, maana ndiko kwenye vurugu kubwa. Wengi tunaendesha testi kwa SQLite, databesi ndogo ya kwenye memori, mistari miwili tu ndani ya phpunit.xml (faili la mipangilio ya testi) na kazi inaenda kasi. Shida ni kwamba laivu (kwenye mfumo wanaoutumia wateja) kuna MySQL, na hao wawili hawakubaliani kwenye mambo ya msingi. Una safu ya namba ya simu yenye herufi 15. SQLite ukiipa herufi 60 inapokea bila kuguna, MySQL iliyo kwenye hali ya ukali inakutupia kosa. Una kiashiria cha pekee (unique index, kinachokataa marudio) kwenye barua pepe. Kwa SQLite, Asha na asha ni watu wawili, wakati MySQL kwa mpangilio wake wa kawaida inawaona ni mmoja na kumkataa wa pili. Testi zako zote kijani, halafu mteja wa kwanza mwenye herufi kubwa anakuangushia usajili. Kwa hiyo databesi ya testi iwe ya aina ileile na toleo lilelile la laivu. Ukiogopa kasi, weka saraka ya data ya MySQL kwenye tmpfs ili ikae kwenye RAM. Ni data ya testi, umeme ukikatika hakuna cha kulilia.

Hapo kwenye toleo ndipo watu wanapojichimbia shimo. Ukiandika `mysql:latest` kwenye Docker (chombo kinachoendesha programu ndani ya kontena, kutoka kwenye kifurushi kiitwacho imeji) hujachagua toleo, umemwachia mwingine akuchagulie. Julai 2024 waliokuwa wameandika hivyo walihamishiwa 9.0 bila kugusa mstari wowote, na 9.0 ilikuwa imeondoa kabisa `mysql_native_password`, njia ya zamani ya kuthibitisha nywila. Mfumo wenye watumiaji wa databesi waliotengenezwa kwa njia hiyo ukaamka umefungiwa mlango. Andika namba kamili. Mwenye tahadhari zaidi abandike na alama ya sha256 ya imeji (kama alama yake ya kidole), maana hata lebo yenye namba inaweza kuelekezwa kwenye imeji nyingine.

Maktaba vivyo hivyo: kwenye seva ya testi ni `composer install` pamoja na composer.lock (orodha ya matoleo kamili), kamwe si `composer update`. Upande wa JavaScript ni `npm ci`. Aliyekuwepo Machi 2016 anakumbuka left-pad: kifurushi cha mistari 11 kiliondolewa npm na miradi dunia nzima ikashindwa kujengwa. Na kwenye GitHub Actions (huduma ya GitHub ya kuendesha testi) msiandike `ubuntu-latest`. Lebo hiyo ilishahama kutoka 22.04 kwenda 24.04, na itahama tena.

Sasa kuna hili dogo ambalo nimeona likila siku za watu. Kontena la MySQL "limewaka" lakini testi ya kwanza inalia haiwezi kuunganishwa, ukirudia, inapita. Sababu ni kwamba imeji rasmi ya MySQL, ikianza kwa mara ya kwanza, huwasha seva ya muda, inatengeneza watumiaji na databesi, inaizima, ndipo inawasha seva yenyewe. Ile ya muda haisikilizi mtandao, inasikiliza soketi ya ndani tu. Ukiipima afya kwa kutumia localhost, mteja wa MySQL anapita kwenye soketi, seva ya muda inajibu "nipo", testi zinaanza, halafu seva inazimwa mbele ya macho yako. Dawa ni kulazimisha TCP, yaani njia ya mtandao:

```
healthcheck:
  test: ["CMD", "mysqladmin", "ping", "-h", "127.0.0.1"]
  interval: 2s
  retries: 30
```

Kisha huduma ya programu yako isubiri, ndani ya faili la Docker Compose linalopanga kontena, kwa `depends_on` yenye `condition: service_healthy`. Ukiona mtu kaweka `sleep 20` mahali hapo, ujue kuna siku mashine itakuwa nzito na 20 hazitatosha.

La saa na la mtandao wa nje nayaacha kidogo, najua yatakuja kwenye maoni. Karibuni.

KodiSafi

Shukrani mkuu, hilo la 127.0.0.1 peke yake limelipa bando langu la leo.

Swali: mimi natumia RefreshDatabase kwenye kila testi. Si inasafisha kila kitu? Mbona bado nina testi moja inapita ikiwa peke yake, ila nikiendesha zote inafeli?

mzee_wa_seva

Mkuu, RefreshDatabase haisafishi kwa maana unayoifikiria. Inaendesha migresheni (maagizo ya kujenga majedwali) mara moja mwanzoni, halafu kila testi inaifunga ndani ya muamala (transaction, mabadiliko yanayoweza kufutwa kwa pamoja) na kuurudisha nyuma mwishoni. Ndiyo maana ina kasi. Lakini kuna mambo mawili yanaponyoka.

La kwanza, kaunta ya AUTO_INCREMENT, inayogawa namba za id, hairudi nyuma. Testi ikitegemea mteja wa kwanza awe na id 1, itapita ikiwa peke yake na kufeli ikitanguliwa na nyingine yoyote. Nakisia yako ndiyo hii. Usiandike 1, tumia `$mteja->id`.

La pili ni baya zaidi. MySQL ikikutana na CREATE TABLE, ALTER TABLE au TRUNCATE katikati ya muamala, inauthibitisha muamala huo papo hapo bila kukuuliza. Kwa hiyo kama una testi inayoita kodi yenye TRUNCATE, mathalani ya kusafisha jedwali la muda la ripoti, kila kilichoandikwa kabla yake kinabaki kwenye databesi na kinazikuta testi zinazofuata. Anayefeli ni jirani, mwenye kosa amekaa kijani anacheka. Aina hiyo ya testi itengwe na databesi yake.

Kuwabaini wenye tabia hiyo, endesha kwa mpangilio wa nasibu: `phpunit --order-by=random`. Ikifeli, chukua namba ya mbegu iliyochapishwa juu na uirudishe kwa `--random-order-seed` ili upate mpangilio uleule. Mimi naacha nasibu iwe ndiyo kawaida kwenye seva. Wengine watasema nachokoza matatizo, sawa.

Nyundo

Nitakuwa tofauti kidogo. Sisi tuko watatu, tuna seva moja ya staging (ya kujaribia kabla ya laivu) yenye data nzuri ya mfano, testi zote zinaelekea pale. Haya mambo ya kontena na alama za sha256 ni ya kampuni zenye watu mia. Halafu kushusha imeji kila mara kwa bando la hapa kwetu, nani analipa?

mzee_wa_seva

Nyundo, hoja ya bando ni ya kweli, nitairudia. Hoja ya staging siikubali.

Staging ya pamoja ni daftari la madeni linaloandikwa na wauzaji watatu kwa wakati mmoja. Testi yako inahesabu wateja, inatarajia 10, mwenzako wakati huohuo kaongeza mmoja kwa mkono ili aoneshe bosi skrini. Umepata 11. Kodi yako haina kosa, naye hana kosa, na saa nzima imeliwa. Watatu wanatosha kabisa kuleta hilo, hata wawili. Staging ibaki ya watu kuangalia kwa macho. Testi za kujiendesha kila moja ipate databesi yake inayozaliwa na kufa nayo. Na Laravel imeshakurahisishia: `php artisan test --parallel` inatengeneza databesi ya kila mchakato, yenye jina lako na `_test_1`, `_test_2` na kuendelea, hazigusani.

Kuhusu gharama: imeji haishushwi kila mara kama mashine inayoendesha testi ni yenu na inahifadhi kashe (nakala za vilivyokwisha kushushwa). Kompyuta ya mezani ya zamani yenye RAM ya kutosha, Linux, UPS ya kuvukia umeme ukikatika, imesajiliwa kama mashine yenu ya GitHub Actions au GitLab, inatosha timu ya watatu. Juu yake wekeni kioo, yaani nakala ya ofisini, cha Docker Hub (ghala la imeji mtandaoni): unaendesha imeji ya `registry` yenye `REGISTRY_PROXY_REMOTEURL`, inashusha mara moja na kuwagawia wote ofisini. Hii inawaokoa na lingine pia. Docker Hub ilipoanza kuweka kikomo cha kushusha Novemba 2020, asiyeingia na akaunti alihesabiwa kwa anwani ya IP, mara 100 kwa saa sita. Ofisi nyingi zetu zinatoka na IP moja, na watoa huduma wengine wanawapitisha wateja kibao kwenye IP hiyohiyo. Unaweza kukataliwa kwa kushusha kwa watu usiowajua.

Na mnakumbuka 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na Tanzania, Kenya na majirani wakabaki na intaneti ya kubahatisha. Wiki ile mwenye kashe ya vifurushi na imeji ndani ya ofisi aliendelea na kazi. Asiye nayo hakuweza hata kuendesha testi ya kujumlisha namba mbili, kwa sababu hatua ya kwanza kabisa ilikuwa kushusha.

Nyundo

La kompyuta ya mezani nimelichukua. La staging bado nalitafakari, ila ile ya 11 badala ya 10 umenipiga penyewe.

binti_wa_pwani

Nasubiri hilo la saa kwa hamu. Kwetu kuna testi tunaiita mchawi. Haifeli mchana, inafeli usiku tu, na aliyekuwa akifanya kazi usiku aliambiwa laptopu yake ni mbovu.

mzee_wa_seva

Ngoja nibashiri: inahusu "leo". Mauzo ya leo, miadi ya leo, kitu kama hicho?

binti_wa_pwani

Mauzo ya leo. Unda risiti moja, ita ripoti, tarajia risiti moja. Tukaja kuona ripoti imeandikwa kwa `CURDATE()`, amri ya kuiuliza databesi tarehe ya leo.

mzee_wa_seva

Basi mchawi amepatikana. PHP yenu imewekwa Africa/Dar_es_Salaam, kwa hiyo risiti inaandikwa kwa saa ya hapa. `CURDATE()` inajibiwa na MySQL, na kontena lake linahesabu kwa UTC (saa ya kimataifa). Sisi tuko saa tatu mbele. Kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku, kwa PHP siku imeshageuka, kwa MySQL bado ni jana. Ndani ya muda huo testi ile haiwezi kupita hata ukiirudia mpaka alfajiri, na ikifika saa tisa inapona yenyewe. Jamaa mwombeni radhi.

Halafu msiifute! Testi ilikuwa inasema kweli. Kama seva yenu ya laivu nayo iko UTC, duka lolote linalouza usiku, baa, famasi, kituo cha mafuta, linapata ripoti yenye pengo la saa tatu.

Kurekebisha: tarehe itoke sehemu moja. Iamuliwe na PHP, ipelekwe kwenye hoja kama kigezo, mwanzo wa siku na mwisho wa siku. `CURDATE()` na `NOW()` ziondoke kwenye hoja. Hapo ndipo `$this->travelTo()` ya Laravel inapopata nguvu, kwa sababu inasimamisha saa ya Laravel, ile ya `now()` na Carbon (maktaba yake ya tarehe). Ile ya MySQL haiijui. Ukishaweza kuisimamisha saa, andika testi makusudi za dakika chungu: saa sita kasorobo usiku, saa saba usiku, tarehe 29 Februari, siku ya mwisho ya mwezi. Na pekueni testi zenye tarehe zilizoandikwa kwa mkono. Mkataba wa mfano uliopewa mwisho wa "2026-12-31" utakuwa hai leo na siku moja utakufa bila mtu kugusa kodi.

Nyuki wa Data

Nyongeza kwa wenye hoja ndefu za ripoti wasioweza kuzibadilisha leo: MySQL unaweza kuisimamishia saa kwa muunganisho mmoja. `SET timestamp = 1772229600;` na kuanzia hapo `NOW()` na `CURDATE()` kwenye muunganisho huo zinafuata. `SYSDATE()` haifuati, hiyo ina kiburi chake. Ukimaliza, `SET timestamp = DEFAULT`. Ni ya dharura, nakubaliana na mzee kwamba dawa ni kuiondoa `CURDATE()`.

Mtaa wa Luthuli

Hapa Nairobi kichwa kinauma kwa malipo. Tunafanya STK Push (ombi la malipo ya M-Pesa linalotokea kwenye simu ya mteja) na testi zetu zinagonga sandboksi, mazingira ya majaribio, moja kwa moja. Sandboksi ya Daraja (mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa) ina shortcode, yaani namba ya biashara, ya pamoja, ile 174379, na jibu la malipo linarudi kwenye URL ambayo lazima ifikike kutoka intaneti. Kwa laptopu tunapitisha kwa ngrok (huduma inayoifanya laptopu ifikike kutoka intaneti), lakini kwenye seva ya testi tunafanyaje?

mzee_wa_seva

Ndugu yangu, msifanye. Testi inayoendeshwa kila mtu anaposukuma kodi isitoke nje ya mashine. Mfumo wa mtu mwingine una siku zake, na ukilala, ninyi mtaonekana mmeharibu.

Gawanya mambo mawili. Kuomba malipo: `Http::fake()` inarudisha jibu mliloliandaa, na testi inakagua mlichotuma, kiasi, namba ya simu iliyo kwenye muundo wa 2547, alama ya muda. Kupokea jibu: hapa hamhitaji mtandao hata kidogo. Jibu la Daraja ni JSON tu inayopigwa kwenye njia yenu, kwa hiyo testi inaipiga yenyewe kwa `$this->postJson()`. Chukueni majibu halisi ya sandboksi, futeni namba za watu, yahifadhini kama mafaili ndani ya mradi.

Na msihifadhi la mafanikio peke yake, hapo ndipo watu wanapoumia. ResultCode 0 ni imefanikiwa. 1 ni salio halitoshi, 1032 mteja ameghairi, 1037 simu haikujibu. Likiwa 0, kuna CallbackMetadata yenye kiasi na MpesaReceiptNumber. Likiwa jingine, CallbackMetadata haipo kabisa! Kodi inayoisoma moja kwa moja inaanguka pale mteja anapoghairi tu, na hakuna aliyewahi kuijaribu kwa sababu kwenye majaribio kila mtu analipa. Weka pia testi inayotuma jibu lilelile mara mbili na kuhakikisha oda haikulipwa mara mbili.

Kufunga mlango, weka `Http::preventStrayRequests()` kwenye `setUp` ya TestCase. Ombi lolote la nje lisiloandaliwa jibu linaangusha testi hapohapo. Inakamata maombi yanayopita kwenye kiteja cha Laravel tu. Maktaba inayotumia curl yenyewe itapenya. Kwa hao, endesha kontena kwenye mtandao wa Compose wenye `internal: true`: MySQL inaonekana, dunia haionekani.

Sandboksi halisi muiendee kwa testi chache za pembeni, mara moja usiku, zisizozuia mtu kuunganisha tawi lake. Zikifeli, mtu aangalie asubuhi kama muundo wa majibu umebadilika.

Mtaa wa Luthuli

Hiyo ya CallbackMetadata kukosekana imetupata wiki jana tu. Asante sana mzee, naenda kupanga hayo mafaili.

KodiSafi

Na testi za kivinjari? Sisi Chrome inakufa katikati ndani ya Docker, inasema ukurasa umeanguka, halafu hakuna logi ya maana.

Nyuki wa Data

Hilo nalijua. Docker inalipatia kontena /dev/shm (memori ya pamoja) ya MB 64 tu, Chrome inaijaza kwenye kurasa nzito na kufa. Ongeza `--shm-size=1g` au endesha kwa `--ipc=host`. Halafu kifungieni kivinjari toleo. Chrome ya kawaida inajisasisha yenyewe. Tangu 2023 kuna Chrome for Testing, isiyojisasisha, unachagua namba unayotaka.

Na ondoeni `sleep`. Subirini kitu, si muda: kitufe kionekane, jedwali lijae. Kati ya zana za kuendesha kivinjari, Playwright inasubiri yenyewe kabla ya kubonyeza, Selenium mpaka uiambie. Ikifeli, hakikisheni seva inahifadhi skrinishoti na rekodi ya hatua, vinginevyo mtabaki mnakisia.

Nyundo

Swali la kichokozi. Playwright yenyewe ina kurudia ndani yake. Testi ikifeli kisha ikapita inaipa alama ya kigeugeu na kazi inaendelea. Kama waliotengeneza wameona inafaa, mzee unapinga nini?

mzee_wa_seva

Sipingi alama, napinga alama isiyosomwa. Kurudia kukiwa na orodha inayofunguliwa na mtu kila Ijumaa, sawa. Kurudia kukiwa ni zulia la kufagilia chini yake, hapana. Testi za kivinjari naziruhusu mara moja. Testi za hesabu na databesi siziruhusu hata moja, kwa sababu zile ukizishika saa, data na mtandao hazina kisingizio.

Iliyoshindikana leo iende karantini: ipe `#[Group('karantini')]`, seva iendeshe na `--exclude-group karantini`, na kila iliyomo iwe na jina la mtu na tarehe. Tarehe ikipita bila kutibiwa, ifutwe.

Nyuki wa Data

Hapo kwenye kufuta tutagombana. Testi ya kigeugeu inaweza kuwa inashika kosa la kweli la michakato inayogombania rasilimali. Ya binti_wa_pwani si ungeifuta?

mzee_wa_seva

Nisingeifuta maana ilifeli kwa ratiba, usiku tu, na kitu kinachofeli kwa ratiba kina sababu inayopatikana. Ila nakuelewa. Basi tuseme asiifute mtu mmoja peke yake, aione na mwenzake kwanza.

mwanachuo_Dodoma

Shikamooni wakubwa. Mimi nina laptopu ya Windows, RAM GB 4, Docker ikiwaka kila kitu kinaganda. Niache testi mpaka nipate mashine nzuri?

mzee_wa_seva

Marahaba kijana. Usiache. Weka MySQL moja kwa moja kwenye Windows, toleo lilelile la laivu, tengeneza databesi ya pili kwa ajili ya testi tu na mtumiaji wake asiyeona ile ya kwanza. Kwenye `phpunit.xml` taja jina la databesi hiyo wazi, usitegemee `.env`, maana RefreshDatabase ikielekezwa pabaya inafuta majedwali yako yote.

Windows ina mitego miwili ya kuijua mapema. Haitofautishi herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya mafaili, Linux inatofautisha. Darasa `Mteja` ndani ya `mteja.php` kwako linapita, kwenye seva halipatikani. Na miisho ya mistari ni tofauti, kwa hiyo weka faili la `.gitattributes` lenye `* text=auto eol=lf` tangu siku ya kwanza.

Mzigo mzito waachie GitHub Actions: mradi wa wazi ni bure, wa binafsi unapewa dakika 2,000 kwa mwezi kwenye akaunti ya bure. Kwako endesha faili moja la testi unalolifanyia kazi, zote ziendeshwe kule. Ukikwama kwenye faili la workflow, libandike hapa, ila toa nywila kwanza.

mwanachuo_Dodoma

Nimeelewa, asante mzee. Nabandika jioni nikishapata bando.